Kabla ya Kupanda Chetambe

Mpe mtoto wa Nambale karatasi umwambie achore ngome. Atakuchorea minara ya mawe, bendera inayopepea na daraja linaloinuliwa kwa minyororo, kama alivyoona kwenye katuni. Muulize kama Kenya ina ngome, atakutajia Fort Jesus ya Mombasa, ile iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, halafu atanyamaza. Hana habari kwamba akipanda gari asubuhi pale stendi ya Nambale anaweza kufika kwenye ngome ya mlimani kabla ya chakula cha mchana, na kwamba waliochimba handaki lake na kuinua ukuta wake ni majirani wa babu zake.

Ngome hiyo ni Chetambe, juu ya mji wa Webuye, kaunti ya Bungoma. Ninawaandikia wazazi, walimu na vijana wa Nambale, Busia na Malaba wanaotaka kuizuru, na ninaandika kwa sababu wengi hupanda mlima ule, wakapiga picha za mandhari, wakashuka bila kujua walikanyaga wapi. Hakuna mnara pale. Asiyejiandaa ataona mashamba, vichaka na mawe. Aliyejiandaa ataona mahali ambapo watu walijifungia na ng'ombe wao na watoto wao mwaka 1895, wakingoja jeshi lililokuwa likija kutoka Mumias.

Kwanza tuelewane kuhusu umri. Kama unatafuta ngome ya zama za kati, za wakati wa mashujaa wa farasi na upanga kule Ulaya, Chetambe si ya wakati huo, maana historia yake tunayoifahamu ni ya karne ya 19. Ngome kongwe zaidi za kanda yetu nitazifikia mbele. Lakini ninakushauri uanzie hapa. Chetambe iko karibu, utakwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na ufundi wake wa handaki na tuta la udongo ndio ule ule uliotumika sehemu nyingi za dunia. Wanormani walipoivamia Uingereza mwaka 1066, ngome zao nyingi za mwanzo zilikuwa kilima cha udongo, handaki na ua wa magogo. Mawe yalikuja baadaye. Mwambie mtoto hilo mapema, kabla hajasikitika kwamba hakuna mnara.

Njia na saa ya kuondoka

Ukiwa Nambale panda gari la Mumias. Ukifika Mumias badilisha, panda la Bungoma ushukie Kanduyi, na hapo Kanduyi magari ya Webuye hayakosekani. Wa Malaba ana kazi nyepesi, kwani barabara kuu inayotoka mpakani, ile ya malori ya Kampala na Kigali, itampitisha Bungoma na kumfikisha Webuye bila kona. Wa Busia mjini anaweza kushika njia ya Alupe na Adungosi akatokea Malaba, au aje huku kwetu Nambale. Mimi humshauri aende kwa njia ya Malaba na arudi kwa njia ya Mumias, na sababu yake nitaieleza.

Uwe barabarani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usichelewe zaidi ya hapo. Mvua ya kwetu huja alasiri, na huja na radi. Mlimani radi si mchezo. Udongo ukilowa, njia za juu huteleza na waendesha bodaboda hupandisha bei au hukataa kabisa. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mizuri, na zaidi ya ukavu ina faida nyingine: majani yamepungua, mahindi yamevunwa, na umbo la ardhi linaonekana. Ukienda Mei, handaki lote limefunikwa na mimea na hutaona kitu.

Webuye mjini usikimbilie mlima. Kunywa chai, nunua maji na ndizi, kisha simama mahali pa wazi uutazame mlima kutoka chini. Ndivyo walivyouona walioushambulia. Tazama jinsi ulivyoinuka juu ya tambarare na jinsi mto Nzoia unavyopita chini yake, halafu jiulize: mimi kama ningekuwa na ng'ombe na watoto, na nimesikia adui anakuja, ningepandia wapi? Watoto hupenda swali hili kuliko maelezo yoyote ya darasani, na majibu yao mara nyingi ni mazuri.

Bodaboda wanaujua mlima. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na umwambie dereva akungoje au umpigie simu utakapomaliza. Mwenye miguu mizuri atembee, maana mteremko wenyewe ulikuwa sehemu ya ulinzi na ni vizuri magoti yako yalijue hilo.

Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofungwa, kwa ajili ya miiba na upupu. Beba daftari na penseli. Kama wewe ni mwalimu, ninakuomba ubebe na kamba ya katani ya mita ishirini, iliyofungwa fundo kila baada ya mita moja, pamoja na fimbo mbili. Utaona kazi yake.

Kisa cha kujua kabla ya kupanda

Ngome bila kisa chake ni shimo tu. Soma sehemu hii kwenye gari, au uwasomee watoto usiku wa kuamkia safari.

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Uganda. Njia ya misafara kutoka pwani ilikuwa ikipita Mumias, kwa Nabongo Mumia wa Wawanga, na serikali mpya ikaweka kituo pale. Ofisa wake wa kwanza alikuwa Frederick Spire, na mwaka 1895 akafuata Charles William Hobley. Kaskazini mwa Nzoia waliishi Wabukusu, watu wa mifugo na mashamba waliokuwa hawajamkubali Mzungu wala Nabongo kuwa mkubwa wao. Bunduki kadhaa zilikuwa zimeingia mikononi mwao, na serikali ikazitaka. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzidai kikauawa.

Agosti 1895 likaja jeshi la kuwaadhibu. Hobley alikuwemo, na William Grant aliyekuja kutoka upande wa Uganda. Askari walikuwa Wasudani, Waganda, Wawanga na Wamaasai, na walibeba mzinga wa Hotchkiss. Walianza na Lumboka, ngome ya Wabukusu upande wa Bungoma. Lumboka ilipoanguka, walionusurika walikimbilia Chetambe, ngome iliyobeba jina la Chetambe Ifile, Mtachoni. Huko nako wakafuatwa. Mamia ya watu waliuawa katika vita hivyo, wanawake na watoto wakachukuliwa mateka, na ng'ombe wakaswagwa.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, alipotoka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari ambako serikali ya mkoloni ilikuwa imemweka, aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale. Ilikuwa imepita zaidi ya nusu karne. Serikali ilielewa vizuri maana ya mkusanyiko huo, na mwaka uliofuata Masinde alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Kwa hiyo unapopanda Chetambe unapanda mahali pa vita, mahali pa makaburi na mahali pa siasa ya uhuru kwa pamoja. Sioni kwa nini watoto wa magharibi wafundishwe vita vya Adowa na Majimaji wakamaliza shule bila kuitaja Chetambe.

Namna ya kuisoma ardhi

Ukifika juu, usimfuate anayekwambia "twende tuone view". Mandhari yapo, na yanapendeza: Mlima Elgon kaskazini magharibi, tambarare ya Bungoma, Nzoia ikimetameta chini. Yaache ya mwisho. Anza na handaki.

Handaki la miaka zaidi ya mia moja halifanani na mtaro wa barabarani. Kingo zake zimeporomoka, tope limejaa, majani yameota. Unachotafuta ni mkunjo: bonde dogo linalokwenda kwa mstari, na kando yake tuta linalolifuata. Simama ubavuni, jua likiwa bado chini upande wa mashariki, na utaona kivuli ambacho saa sita mchana hakipo. Hii ni sababu nyingine ya kuondoka mapema. Angalia pia rangi ya majani. Ndani ya handaki udongo ni mzito na unashika maji, kwa hiyo hata wakati wa kiangazi majani ya pale hubaki kijani kuliko ya pembeni. Mara nyingine mstari wa majani ndio utakaokuonyesha mzunguko wote.

Sasa ingia ndani ya handaki, kama hakuna mazao. Uso wako uelekee ngome. Ona jinsi ulivyo chini ya aliye juu ya tuta, na ukumbuke kwamba wakati ule handaki lilikuwa na kina zaidi na tuta lilikuwa refu zaidi. Mjenzi hakuhitaji kuleta udongo kutoka mbali. Alichimba, akatupa udongo upande wa ndani, akaushindilia, na kila jembe moja likaongeza kina cha handaki na urefu wa ukuta kwa mara moja. Mwenye mkuki aliye chini hawezi kukimbia kupanda, na mwenye mkuki aliye juu hahitaji nguvu nyingi.

Hapa ndipo kamba inafanya kazi. Mtoto mmoja asimame juu ya tuta na fimbo, mwingine ng'ambo ya handaki, kamba ivutwe sawasawa kati yao, na wa tatu ahesabu mafundo huku akipima kwa fimbo kina cha ardhi kwenye kila fundo. Dakika kumi zikipita mtakuwa na mchoro wa handaki uliokatwa ubavuni, uliopimwa kwa mikono yenu. Rudieni sehemu mbili tatu. Mtaona handaki halina kina sawa kila mahali, na mtaanza kubishana kwa nini: je, hapa lilijaa tope zaidi, au hapa mteremko wenyewe ulitosha na wachimbaji hawakujisumbua? Huo ubishi ndio elimu niliyotaka muipate.

Baada ya handaki, tafuta lango. Palipo na ukuta wa mviringo lazima pawe na mahali pa kupitisha ng'ombe, na mahali hapo ndipo palipo dhaifu. Malango ya maboma ya kwetu yalikuwa membamba, ng'ombe mmoja mmoja, ili adui naye aingie mmoja mmoja. Tafuta pengo kwenye tuta ambapo handaki halikuchimbwa, lakini uwe mwangalifu, maana mapengo mengine yamefanywa na wakulima baadaye wapate kupitisha jembe la ng'ombe au mkokoteni. Muulize mwenyeji. Anajua lipi ni la babu yake na lipi ni la wakulima wale.

Kisha uliza swali ambalo kila ngome ya mlimani duniani lazima ilijibu: maji yalitoka wapi? Tazama Nzoia ilivyo mbali chini. Ng'ombe hunywa kila siku, na watu wengi kwenye jua la Agosti humaliza mitungi upesi. Ngome ya namna hii ilifaa sana dhidi ya wavamizi waliokuja alfajiri kuteka ng'ombe wakaondoka jioni. Haikujengwa kwa ajili ya kuzingirwa, na haikujengwa kwa ajili ya mzinga. Tuta linalozuia mkuki haliwakingi waliotupiwa kombora kutoka mbali wakiwa wamejikusanya kwenye mviringo mmoja na nyumba za nyasi. Simama katikati ya boma na uwaze hilo kwa dakika chache, bila kusema.

Kuzungumza na wenyeji

Mlima una watu. Wanalima, wanachunga, wanaishi. Kwa hiyo usiingie kama mtu aliyelipa tiketi. Tafuta mzee wa kijiji kwanza, liguru, umwambie wewe ni nani, umetoka wapi na umeleta akina nani. Ukitaja Nambale, usishangae akikuuliza wewe ni wa ukoo gani na kukwambia ana shemeji yake huko. Jibu kwa utulivu, huo ndio mlango wenyewe. Mpe heshima ya umri wake: mwite Mzee au Kuka, na mama mtu mzima mwite Kukhu kama lugha inakuruhusu. Ukipewa kijana wa kukuongoza, mlipe. Ukipewa simulizi, toa kitu cha chai bila kungoja kuombwa.

Utasikia kisa kwa namna zaidi ya moja. Mtachoni atakwambia ngome ni ya Watachoni, waliojenga ni wao, na waliokufa ni wao pia. Mbukusu atakusimulia vita vya Wabukusu. Usiwasuluhishe, na usimkatize mzee kwa sababu kitabu ulichosoma kinasema vingine. Kitabu kikuu cha upande wa pili aliandika Hobley mwenyewe, akakichapisha mwaka 1929, na yeye ndiye aliyekuja na mzinga. Andika jina la aliyekusimulia, kwa ruhusa yake, na tarehe. Simulizi ambayo haina mwenyewe haimsaidii anayekuja baada yako.

Usiokote chochote. Kigae cha chungu, kipande cha chuma, mfupa, viache vilipo, kwa kuwa mahali kilipolala ndipo habari yake ilipo. Isitoshe, Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, na kuvihamisha ni kosa. Muziki wa spika uuache kwenye gari. Na mwalimu mwenye wanafunzi wengi awagawe makundi madogo, maana watoto hamsini wakikimbia juu ya tuta la udongo wakati wa mvua hulibomoa zaidi ya mzinga.

Kurudi kwa njia ya Mumias

Sasa ile sababu. Ukirudi Nambale kupitia Mumias, unapita kwenye upande wa pili wa kisa. Wawanga walikuwa na jeshi la Hobley. Kwao Mumia alikuwa mfalme aliyejua upepo unakovuma, na Waingereza walimfaa dhidi ya maadui wa zamani. Huwezi kukielewa kilichotokea Chetambe kama humsikii Mwanga naye, na sisi wa Bukhayo, tuliokaa kati ya Wanga na Wateso, tuna sababu ya kuwasikiliza wote kwa makini.

Mumias ilijulikana kwa wageni kabla ya Hobley. Joseph Thomson alipita mwaka 1883 akaikuta ikiitwa kwa Shiundu, jina la babake Mumia, na James Hannington akapita mwaka 1885 akielekea Busoga alikouawa Oktoba mwaka huo. Upande wa Matungu kuna kituo cha utamaduni cha Nabongo, penye makaburi ya wafalme hao. Ukifika saa tisa utapata muda wa kutosha. Mumia mwenyewe alifariki mwaka 1949, kwa hiyo bado utakutana na wazee walioambiwa habari zake na waliomwona.

Na ukiwa garini kurudi nyumbani, waambie watoto jambo hili. Siku ile mzinga ulipolia Chetambe, mpaka wa Busia na Malaba tunaouvuka leo haukuwepo. Nchi hii yote hadi Naivasha ilikuja kuhesabiwa upande wa Uganda, na ni tarehe 1 Aprili 1902 ndipo mkoa ule wa mashariki ulipohamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Ndiyo maana baadhi ya askari walioishambulia Chetambe walitoka Uganda, na ndiyo maana ndugu wa watu wengi wa Malaba wako Tororo.

Kuna kazi ya nyumbani baada ya hapo, na kwangu ndiyo tamu kuliko safari. Chetambe haikuwa peke yake. Vijiji vingi vya Waluhya vilikuwa na ukuta wa udongo na handaki, olukoba, na wasafiri wa karne ya 19 waliviona. Karne hiyo ilikuwa ya misukosuko huku kwetu: Wateso walikuwa wakija kukaa Amukura na Malaba, Wabukusu wakipigana nao, Wakhayo nao wakijilinda, na kila mmoja alijenga ukuta kwa sababu ya jirani yake. Leo majirani hao wameoana na wanauziana ng'ombe soko moja. Ukoloni ulipozuia uvamizi, watu walitoka ndani ya kuta wakajenga kila mtu shambani kwake, na kuta zikalimwa. Zingine zilibaki majina ya mahali, zingine zilibaki mkunjo kwenye shamba ambao kila mvua kubwa hutuamisha maji. Waulize bibi na babu kama katika kijiji chenu kulikuwa na olukoba. Nenda na kamba.

Thimlich Ohinga, kwa mwenye siku mbili

Aliyeonja Chetambe atataka ngome ya mawe, na ya zama za mbali zaidi. Kwa huyo kuna Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori. Inaaminika ilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Kutoka Kisumu ni kilomita 181, na kutoka mji wa Migori ni 46 kuelekea kaskazini magharibi, kwa hiyo usijidanganye kwamba utaondoka Nambale asubuhi ukarudi kulala. Fika Kisumu, endelea hadi Homa Bay au Migori, lala huko, uende ngomeni alfajiri. Sehemu ya mwisho ya njia ni udongo, na gari la kukodi au pikipiki ya mtu unayemwamini ni bora kuliko kungoja matatu.

Hapa hali ni tofauti na Chetambe. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayoitunza, kuna waongozaji, na kuna kiingilio. Malipo ya taasisi za serikali siku hizi hupitia eCitizen, basi weka salio kwenye simu kabla hujafika mahali mtandao unapoyumba.

Ukuta wa Thimlich umepangwa kwa mawe bila saruji, bila udongo, bila chokaa. Kuna sehemu unamfika mtu kifuani na sehemu unampita mara mbili. Upige jicho la karibu. Utaona mawe makubwa yamepangwa upande wa nje na upande wa ndani, na katikati yamejazwa mawe madogo yanayoshikilia pande zote mbili. Hakuna jiwe lililochongwa likawa mraba. Kila moja lilichaguliwa likalazwa pale linapokaa vizuri, na uzito wa yote ndio unaolizuia lisitoke. Usipande juu yake hata kwa picha. Jiwe moja likitoka, jirani zake hulegea.

Kisha njoo kwenye lango. Ni jembamba na fupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu bapa. Utainama upende usipende. Ukiwa umeinama hivyo, kichwa mbele na mikono chini, elewa kwamba mlinzi amesimama ndani, upande usioweza kumwona. Mtoto apite kwanza, halafu mtu mzima, halafu wabadilishane zamu ya kuwa mlinzi. Hakuna maelezo yatakayowaingia kama hayo.

Ndani ya boma kubwa, Kochieng, tafuta duara za nyumba, mazizi ya ng'ombe na mashimo laini kwenye mawe ambapo wanawake walisaga nafaka. Weka kiganja ndani ya shimo moja ulisikie lilivyolainika. Kuna pia mahali palipochimbwa vishimo vya bao kwenye mwamba. Maboma mengine, Kakuku, Koketch na Koluoch, yako karibu, na wageni wengi huyaruka kwa sababu ya jua. Usiyaruke. Ukiyaona yote unaelewa kwamba ule ulikuwa mtaa wa watu wenye undugu na ujirani, na katika kanda hiyo ya ziwa kumehesabiwa mamia ya maboma ya mawe ya aina hiyo. Walioishi humo walibadilika karne hadi karne, Waluo wakiwa wa mwisho, na kila aliyekuja aliukarabati ukuta aliourithi.

Ukipenda kuwalinganishia watoto na dunia, waambie habari za Zimbabwe Kuu, iliyojengwa kati ya karne ya 11 na 15 kwa mawe yasiyo na saruji vile vile, ila mawe yake yalichongwa. Ile ilikuwa ya wafalme na dhahabu. Thimlich ilikuwa ya wafugaji, na mimi ndiyo inayonigusa zaidi.

Anayetaka kurudi nyuma kabisa, hadi zama za kati zenyewe, avuke mpaka. Bigo bya Mugenyi, magharibi mwa Uganda ya kati, ni mfumo wa mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 ukiyajumlisha, yaliyochimbwa karibu na karne ya 14 na 15. Mkenya anavuka Busia au Malaba kwa kitambulisho cha taifa, lakini mtoto asiye na kitambulisho anahitaji hati yake, kwa hiyo shughulikia hilo mapema. Panga siku tatu au nne. Lala Kampala au Masaka, kisha uelekee Sembabule na Ntusi, uchukue mwenyeji hapo Ntusi, maana Bigo yenyewe iko kando ya mto Katonga, mbali na lami, na nyasi zake huwa ndefu kuliko mtu miezi ya mvua.